Mchujio wa Hisham na Bangili ya Kushoto

Siku Nasser alipokaa barazani kwa Hisham asubuhi nzima bila kumsema mtu, Hisham alijua kuna jambo. Nasser alikuwa na maduka mawili ya vinyago mjini na shamba la viungo Kidichi, na hakuwa na desturi ya kunyamaza pahala penye majirani wa kusengenywa. Macho yake yalikuwa kwenye simu. Hisham akasogea, akachungulia.

Ndani ya simu alikuwamo mzungu mwenye ndevu, kapiga magoti kijitoni, anamimina mchanga kwenye kimfereji cha bati. Maji yalipita, mchanga ukaenda zake, na chini, juu ya kipande cha zulia, vikabaki vichembe vya manjano.

"Si kazi yake hii," Nasser alinong'ona. "Huyu daktari wa meno. Hivi anajiburudisha tu siku za mapumziko."

"Anajiburudisha kwa dhahabu," alisema Hisham.

"Na mimi shambani kwangu pana kijito, yakhe! Mchanga tele! Miaka yote hii naotesha mdalasini kama mwehu."

"Kijito chako kinatokea upande gani?"

"Upande wa juu."

"Upande wa juu," Hisham alirudia, akatikisa kichwa taratibu kama daktari aliyeonyeshwa panapouma. "Nlijua."

Hapa inafaa msomaji aelezwe mambo mawili. Kwanza, Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, na dhahabu yote iliyomo iliingia kwa forodha, au ilipita pembeni ya forodha. Pili, Hisham alilijua hilo vizuri sana.

Babu yake Hisham aliwahi kuwa na mashamba matatu ya mikarafuu. Mjukuu alirithi nyumba yenye mlango mkubwa, dari inayovuja, na ulimi. Kwa ulimi huo aliwahi kuwauzia watalii funguo za kale za majumba ya wafalme, ambazo yeye mwenyewe alizizeesha kwa siki na chumvi. Lakini funguo zilikuwa biashara ndogo, na Nasser alikuwa na fedha kubwa.

"Chombo hicho," alisema Hisham, "nakitengeneza mimi. Kimebaki kupigwa msasa tu."

Chombo hakikuwa kimeanza. Jioni ile ile Hisham alipanda juu ya dari na msumeno, na hapo ndipo alipopatwa na jambo ambalo halikuwamo katika hesabu zake. Aliipenda kazi.

Alikusudia kutengeneza takataka yenye kung'aa. Lakini alipokata mlizamu wa bati wa kushushia mvua wa nyumba ya babu, akaona umekatika sawasawa, ilimuuma kuuharibu. Akaugawa vipande viwili na kuviunga kwa bawaba, ili chombo kikunjwe kama sanduku la safari. Miguu aliitoa kwenye vitanda vya ufukweni vilivyotupwa na hoteli moja ya Kendwa, ile miguu inayopanda na kushuka kwa matundu. Maji yalivutwa kwa pampu ndogo ya kukaushia maji mashuani, ikila umeme wa betri ya pikipiki. Ndani ya mfereji alipanga vijiti vya mbao vya kukingama, maji yakivikuta yazunguke kidogo na kutua mzigo wao, na chini ya vijiti akatandika zulia la mlangoni, lile la manyoya magumu.

Kisha akajaribu. Alisaga chubwi, ile risasi ya mshipi wa kuvulia, kwa kuwa risasi ni nzito kama ndugu yake dhahabu, akatia punje thelathini katika ndoo ya mchanga. Mara ya kwanza mfereji ulikuwa umeinama mno na punje zote zikaishia kichwani kwa jirani wa chini, pamoja na mchanga. Mara ya pili ulikuwa umelala mno, mchanga ukajazana. Alishusha mguu tundu moja, akapandisha nusu, akapima kwa pima maji, akasogeza vijiti upana wa kidole. Siku ya nne alitia punje thelathini na akatoa thelathini. Alikaa chini peke yake akacheka kwa furaha, jambo ambalo tapeli makini halifanyi kabla ya kulipwa.

Sasa palihitajika dhahabu.

Nyumbani dhahabu ilikuwa moja tu, na haikuwa yake. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa na bangili mbili zenye nakshi ya vishada vya karafuu, ndiyo mahari yake, moja ya kulia na moja, ndogo kidogo, ya kushoto. Alizificha ndani ya debe la mchele. Yeye mwenyewe alikuwa kwao Kizimkazi, akisaidia harusi ya mdogo wake Muzdalifa, na bangili aliziacha mjini kwa kuwa nyumba ya harusi ina mikono mingi. Jumatano angerudi kuzichukua, Ijumaa azivae.

Hisham alimpenda mkewe. Katika hilo hakuwa na hila yoyote. Mwaka uliopita aliuza cherehani ya mkewe kwa ajili ya mpango wa funguo, na Mwanakheri hakupiga kelele wala hakulia. Alisema tu, "Hisham, kikitoka changu kingine humu ndani bila ruhusa yangu, mimi nabaki Kizimkazi." Naye si mwanamke wa kusema neno mara mbili.

Kwa hiyo Hisham alitia mkono kwenye mchele, akaichagua ya kushoto, maana mkono wa kushoto watu hawautazami sana. Alikusudia kuikwangua kidogo tu kwa ndani. Baada ya saa moja ya tupa bangili ilikuwa imepinda upande mmoja. Akakwangua upande wa pili ili zilingane. Kufika adhuhuri alitambua kwamba bangili nusu haimsaidii mwenye mkono wala mwenye tupa, akaimaliza yote. Ilitoka unga wa manjano usiojaa kijiko cha chai. Mpango ulikuwa mwepesi: atatumia theluthi, atamuuzia Nasser chombo kwa bei ya ndoto, atanunua bangili nyingine kabla ya Jumatano, na kitakachobaki ni faida. Ule unga akauchanganya na majivu ya udi ndani ya chetezo cha Mwanakheri.

Alhamisi walikwenda Kidichi kwa vespa, chombo kimekunjwa mgongoni kwa Hisham. Nasser alikuja na viatu vya mpira na mfuko mtupu wa sukari wa kilo tano, wa kutilia dhahabu.

Hisham aliukunjua mfereji kijitoni, pampu ikanguruma, akamimina ndoo ya kwanza. Hapana kitu. Ndoo ya pili, hapana kitu. Ya tatu, jiwe moja na kaa mdogo. Uso wa Nasser ukaanza kuning'inia.

"Nasser," alisema Hisham, akizima pampu, "tumefanya utovu wa adabu. Mali ya ardhini ina wenyewe. Tumeingia bila hodi."

Nasser akajipiga paji la uso. Mtu ambaye hafungui duka lake asubuhi bila moshi wa ubani, alikuwa amesahau jambo la wazi namna hiyo! Hisham akatoa chetezo, akawasha kaa, moshi wa udi ukapanda juu ya migomba. Akachota majivu kwa ncha za vidole, akanyunyiza kidogo juu ya mchanga, kwa unyenyekevu.

"Kidogo hivyo?" Nasser alimaka. "Wenyewe watatuona mabahili!"

Kabla Hisham hajanyanyua mkono, Nasser alikwisha kukinyakua chetezo, akakipindua, akamwaga majivu yote mchangani na kuyakoroga kwa chepe mpaka yakapotea.

Hisham alitazama lile fungu la mchanga. Humo ndani mlikuwa na bangili nzima ya mkewe, na ndoa yake.

Tangu azaliwe hajafanya kazi kama aliyoifanya mchana ule. Aliuosha mchanga ule kijiko kwa kijiko. Alipiga magoti ndani ya maji, akashusha mguu wa chombo nusu tundu, akauinua, akasikiliza maji. Nasser alisema twende tukale, Hisham akachota kijiko kingine. Alasiri aliponyanyua vijiti, zulia liling'aa mwanzo hadi mwisho.

Nasser aliinama akatazama. Alimeza mate. Kisha akajinyoosha, na uso ukawa wa mfanyabiashara.

"Shaba," alisema. "Shaba tupu, pole sana. Lakini umehangaika, nakuonea huruma. Chombo nakichukua kwa laki tatu."

"Kama ni shaba, nakirudisha nyumbani."

"Ngoja! Twende kwa Bi Muzna, aseme yeye."

Hisham alitaka zulia likae kwake. Nasser hakukubali kuliachia. Alilikumbatia njia nzima, maji yakimtiririka kanzuni.

Bi Muzna alikuwa mjane wa sonara na sonara mwenyewe, katika uchochoro mwembamba nyuma ya Mkunazini. Vijana wa masonara wote wa uchochoro ule walijifunza kwa marehemu mumewe, na walimwogopa yeye zaidi.

"Shikamoo, Bi Muzna."

"Marahaba. Mmenletea zulia? Mimi si dobi."

Alivaa miwani, akaibana lenzi juu yake, akang'oa chembe moja kwa koleo. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaliinua zulia puani, akanusa. Akamtazama Hisham juu ya miwani.

"Dhahabu," alisema.

Nasser alitoa sauti kama ya bata.

"Imetoka wapi?"

"Kidichi! Kijitoni kwangu!"

"Dhahabu ya Kidichi inanukia udi. Ajabu ya Mungu."

"Tulifukiza," alieleza Nasser.

"Mlifukiza. Vyema. Basi nisikilizeni. Dhahabu iliyoingia kwenye manyoya haikung'utwi, utaipoteza. Marehemu alikuwa kila mwaka akiuchoma mkeka wa chini ya meza yake, majivu yakayeyushwa, tukapata ya kununua mbuzi wa Idi. Zulia hili liacheni nilichome. Njooni kesho baada ya laasiri."

Hisham alifungua mdomo kukataa, akaona hana sababu ya kutoa, akaufunga.

Kesho yake Bi Muzna aliwatandikia karatasi nyeupe mezani. Juu yake palikuwa na kidonge cha dhahabu, ukubwa wa punje ya mtama.

Hisham alikitazama. Akatazama chini ya karatasi.

"Hiki tu?"

"Ulitaraji kikubwa gani?" aliuliza Bi Muzna.

"Mimi? Mimi sikutaraji... Lakini zulia lilikuwa limejaa, Bi Muzna! Limejaa!"

"Wewe fundi, labda unajua zaidi yangu. Unajua iliingia kiasi gani?"

Hisham aliukunja ukingo wa karatasi. Alijua iliingia kiasi gani. Alijua hata iliingia kwa tupa gani. Mbele yake alikaa bibi kizee wa watu aliyemwibia bangili nzima mchana kweupe, naye hakuweza kumwita mwizi bila ya kwanza kueleza bangili ilifikaje kwenye kijito cha Kidichi.

"Mimi nilitia maji tu," alisema.

"Basi maji yametoa hiki."

Nasser hakuyasikia yote hayo. Alikuwa akipiga hesabu: kama alasiri moja imetoa punje, mwezi mmoja utatoa kibaba. Aliposhika kidonge kwa vidole viwili, laki tatu zikawa milioni, milioni ikawa mbili, na Hisham, ambaye moyo wake haukuwamo kabisa, alipandisha bei kwa kukaa kimya kwa huzuni. Wakapatana kwa milioni tatu. Ilikuwa biashara bora ya maisha yake na hakuweza hata kutabasamu.

Jumamosi alirudi kwa Bi Muzna peke yake. Asingekwenda kwa mwingine hata angetaka, kwa sababu bangili za Mwanakheri zilitoka katika karakana ile, na kalibu ya vishada vile vya karafuu ilikuwako pale tu.

"Nataka bangili moja," alisema. "Ya karafuu. Ndogo."

"Moja? Watu hununua mbili."

"Moja inatosha."

"Mwenyewe ana mkono mmoja?"

"Bi Muzna, nakuomba."

"Milioni mbili na laki nane. Jumatano asubuhi."

Hisham alilipa. Alijua, na Bi Muzna alijua kwamba anajua, kuwa ananunua alichokuwa nacho. Alijifariji kwa jambo moja tu. Masonara wengine wangeweza kumtilia mchanganyiko, lakini hii aliikwangua kwa mkono wake, hata kuijaribu hakuna haja. Kilichobaki mfukoni kilitosha kulipia bawaba na pampu.

Jumatano asubuhi aliichukua, imefungwa kwa karatasi ya waridi. Inang'aa, vishada vyote vimo. Alipita vichochoro kwa mwendo wa nusu kukimbia, akaingia jikoni, akafunua debe, akatia mkono ndani ya mchele hadi kwenye kiwiko ili aiweke mpya pembeni mwa ile ya kulia.

Vidole vikagusa bangili. Vikagusa na nyingine.

Alizitoa nje. Ya kulia, na ya kushoto. Akaziweka mezani, akaweka na ile ya karatasi ya waridi. Akahesabu tena. Zilikuwa tatu.

"Hisham."

"Naam," alijibu, kabla hajajua nani kamwita.

Mwanakheri alikuwa mlangoni, kajifunga kanga ya harusi, kikapu mkononi. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi akavua viatu bila haraka.

"Ile siku mlopeleka zulia," alisema, "jua halijazama, Bi Muzna kanpigia simu. Kasema, mwanangu, marehemu bwana wangu alikuwa akizidisha shaba kidogo kwenye dhahabu yake, ikawa na wekundu. Na wekundu huo nnauona leo ndani ya zulia la mumeo, na kila chembe ina mkia wa tupa. Dhahabu ya mtoni haina mkia. Bangili zako ziko wapi? Kesho yake, wewe uko kwa Bi Muzna, nkapanda gari nkaja. Nkafunua debe."

Hisham alizipanga upya bangili tatu mezani.

"Nlikaa hapa hapa jikoni," aliendelea Mwanakheri. "Nkasema, basi, nshamaliza naye. Kisha nkaenda kuutazama ule mchujio, Nasser kauacha kwa Bi Muzna afungiwe zulia jipya. Bi Muzna kanambia, dhahabu iliyotoka ni bangili nzima kasoro chembe. Unga usiojaa kijiko haukupotea katika kijito kizima. Kasema hajaona kitu kimetengenezwa namna ile tangu marehemu afe."

"Bangili nzima," alisema Hisham taratibu. Licha ya kila kitu, kifua kilimtanuka.

"Kasoro kidonge alichopewa Nasser. Bi Muzna kaisubu upya, ndiyo hiyo hapo, ya kushoto."

"Na hii ya waridi?"

"Shaba. Imepakwa."

"Shaba! Mwanakheri! Milioni mbili na laki nane!"

"Wewe ulimuuzia Nasser majivu."

Hisham akakaa chini kwenye sakafu. Akauliza lile moja ambalo kwa kweli alitaka kulijua. "Unabaki Kizimkazi?"

"Nakwenda harusini. Na bangili zangu mbili. Hizo fedha zako zimenrudishia cherehani yangu kwanza. Zilizobaki, jana Bi Muzna kanunua mchujio kwa Nasser."

"Nasser kauuza?"

"Kaajiri watu wanne, kafukiza kilo tano za ubani, hajapata hata kaa. Kauuza kwa laki saba, huku akicheka kwamba kampata bibi mjinga. Jumatatu nikirudi, nikukute uani kwa Bi Muzna, umeanza kazi. Nisipokukuta, sifungui hata kikapu."

Jumatatu alikutwa. Uani kwa Bi Muzna palikuwa na magunia kumi na saba ya takataka zilizofagiwa katika karakana za uchochoro mzima, miaka kwa miaka, vumbi na makaa na nywele za watu, ambazo masonara hawakuzitupa na hawakujua wazifanyeje. Hisham aliukunjua mchujio, akashusha mguu nusu tundu, akasikiliza maji. Gunia la kwanza lilipokwisha alinyanyua vijiti. Zulia lilikuwa la manjano.

Alilitazama kwa muda. Hakutia kitu chochote humo. Alitamani kumwonyesha mtu, na alipogeuka mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, bangili moja kila mkono, na akaona anatabasamu.

Nasser alipita mwezi uliofuata, akachungulia uani, akaona zulia. Rangi ikamtoka.

"Yakhe," alisema, "chombo kile kile? Nakupa milioni nne."

Ulimi wa Hisham ulianza kujiviringa wenyewe. Kutoka upande wa pili wa ua cherehani ikanyamaza.

"Hakiuzwi," alisema Hisham.

"Tano!"

"Nasser, nisikilize. Kidichi hakuna dhahabu wala haijapata kuwako. Ile ilikuwa bangili ya mke wangu, niliikwangua kwa tupa, nikaitia kwenye majivu ya udi. Wallahi hiyo ndiyo kweli, na mimi naona aibu."

Nasser alimtazama. Kisha akacheka mpaka akashikilia ukuta, akafuta machozi kwa ncha ya kilemba, akamtikisia kidole.

"Mjanja wewe! Unataka nikuuzie shamba kwa bei poa! Nakujua tangu utotoni, Hisham, mimi hunipati!"

Akatoka mbio kwenda kununua seng'enge ya kuuzungushia kijito chake. Hisham alibaki mdomo wazi, akitazama mlango.

"Kucha," alisema Bi Muzna, akija na brashi na bakuli la maji, maana kazi ilikuwa imekwisha kwa siku ile, na vumbi la dhahabu hujificha hata chini ya kucha za fundi.

Hisham akanyoosha mikono yote miwili, asafishwe.